Ajenda ya Nne

Katika mji ule, ukitaka kumjua mtu hukumwuliza kabila wala kazi. Ulimwuliza: wewe ni Yatosha au Rudia? Akishajibu, ulikuwa umejua anaimba wapi Jumapili, duka gani haingii, na siku akifa atalazwa upande gani wa ukuta wa makaburi. Hata mlevi wa mji alikuwa na upande wake, ingawa pande zote mbili zilikataza pombe na hakuna uliomtaka.

Na mwanamke aliyeugawa mji huo vipande viwili alikuwa hai, mzima wa afya ukiacha magoti, akitengeneza zipu katika chumba kimoja kinachotazama barabara.

Watu walimwita Bibi Kiganja. Zamani alikuwa Dada Kiganja, baadaye Mama Kiganja, na jina likaendelea kupanda cheo kadiri nywele zilivyozidi kupata mvi. Watoto waliomletea mabegi ya shule walidhani ameitwa hivyo kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa na vidole vyepesi. Alishika koleo kwa mkono mmoja, akavuta kichwa cha zipu kilichokwama, akapaka nta ya mshumaa kwenye meno, akaifungua na kuifunga zipu mara mbili mbele ya mwenye begi ili kusiwe na maneno. Kisha akasema, "Haya, nenda, na usilijaze mawe." Hakuna mtoto aliyemwuliza jina limetoka wapi, naye hakuona haja ya kuhubiri.

Lakini wewe unapaswa kujua, maana bila hilo huwezi kuelewa kwa nini mwanamke huyu sasa alikuwa anakula chakula cha jioni peke yake huku ndugu yake wa damu akila chake ng'ambo ya barabara.

Wabaptisti waliingia mji ule kabla mama yake hajazaliwa. Walifundisha kwamba mtu habatizwi mpaka aamini mwenyewe, na akishaamini hanyunyiziwi kama mche wa bustani, anazamishwa wote, unyayo hadi utosi. Tena walifundisha kwamba kanisa halina askofu wala bwana mkubwa; kila jambo huletwa mbele ya washiriki, mmoja akatoa hoja, mwingine akaunga, mikono ikanyooshwa, ikahesabiwa. Fundisho la maji liliwalowesha watu siku moja tu. Hili la mikono liliwaingia mpaka kwenye mifupa. Wenye bucha wakawa na mkutano, wauza mkaa wakawa na katibu. Kinyozi hakuweza kupandisha bei kabla wateja wake hawajapiga kura, na wateja, kwa mshangao wa kinyozi, kila mara walikataa. Ndani ya nyumba, mtoto asiyetaka uji alitangaza kwamba analeta hoja, na mdogo wake asiye na meno ya mbele akasema anaunga mkono. Hata watu wa dini nyingine walipogombana na jirani waliulizana kwanza: "Hili limepita kwenye mkutano?" Jambo ambalo halikupita kwenye mkutano halikuwa jambo. Lilikuwa umbea.

Bibi Kiganja alibatizwa akiwa msichana, kwenye kijito nyuma ya kiwanda cha ngozi, Jumapili ambayo kiwanda kimefungwa na maji ni safi. Mchungaji, mzee mwenye kikohozi, alimshika mgongo kwa mkono mmoja na kifua kwa mwingine, akatamka maneno yake, akamlaza kinyumenyume. Akazama wote, isipokuwa mkono wa kulia. Kiganja na vidole vyake vitano vilibaki juu ya maji, vimesimama wima, kama mtu anayepiga kura.

Mwenyewe hakuwahi kujua kwa nini. Hakuwa ameogopa, kwa kadiri alivyokumbuka. Aliibuka akitabasamu, maji yakimtoka puani, akaona nyuso za watu ukingoni zimebadilika. Wachekeshaji wa mji walisema amepinga ubatizo wake mwenyewe. Wenye akili zao hawakucheka. Waliitisha mkutano.

Mkutano ule ulianza mchana na taa zilipowashwa bado watu walikuwa wanasimama kuomba nafasi. Upande mmoja walisema wokovu haupimwi kwa kiwiko. Msichana ameamini, ameingia majini, ametoka, yatosha. Upande wa pili walisema ubatizo ni mazishi, na ukimzika maiti ukaacha mkono nje, hujazika. Arudie. Walisoma Maandiko, wakasomeana tena yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Mwisho wakapiga kura, na Rudia wakashinda kwa mikono michache. Azimio likaandikwa kwamba msichana arudishwe majini Jumapili inayofuata. Walioshindwa wakachukua kofia zao wakatoka, na kabla mwaka haujaisha walikuwa na jengo lao, kwaya yao, na ukuta katikati ya makaburi.

Msichana hakuwa na kura, kwa kuwa ushiriki wake ndio uliokuwa unabishaniwa. Alikaa benchi la nyuma, nywele zikinuka maji ya kijito, akitazama migongo. Na katika mikono ya Rudia, mstari wa pili, aliuona mkono wa dada yake.

Huyu hakuwa dada wa kupita. Mama yao alikuwa mgonjwa wa siku nyingi, na huyu dada ndiye aliyemsuka mdogo wake, aliyemwogesha, aliyempiga alipostahili na kumficha alipokosa. Kama mkono ule ungenyooshwa nusunusu, kwa aibu, pengine angesamehe. Ulinyooshwa mpaka mwisho. Yule msichana akainuka akatoka na Yatosha, kwa hasira zaidi kuliko kwa imani. Hakurudi majini, na hakumsemesha dada yake. Kijana mmoja wa Yatosha, karani wa kiwanda, aliyekuwa amesimama na kumtetea kwa maneno mazuri sana, ndiye akamwoa.

Watu husema damu nzito kuliko maji. Katika mji ule maji yalishinda, tena maji ya kijito cha magotini.

Dada mtu akaja kufungua mashine ya kusaga nafaka, na kama kwamba shetani ndiye anayegawa viwanja, chumba alichopata kilikuwa ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na chumba cha zipu. Wakaonana kila siku ya Mungu. Asubuhi mashine ilikohoa, ikanguruma, na Bibi Kiganja akajua kwamba dada yu mzima. Siku ambayo mashine ilichelewa alijikuta amesimama mlangoni na koleo mkononi, akijifanya anatazama hali ya hewa. Mashine ikiwaka, alirudi ndani na kujisonya. Wakikutana barabarani waliinamishiana vichwa kama makarani wa ofisi mbili. Mama yao alipofariki, mazishi yalipangwa na kamati mbili, kila moja na katibu wake, na wana wale wawili wa tumbo moja wakasimama pande mbili za kaburi, kila mmoja amezungukwa na watu wake, wakimlilia mama yule yule kwa sauti mbili.

Wazee husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mji mzima ulilima, ukavuna, ukasahau, na ndugu hawa bado hawajapatana. Hakuna aliyekwenda kwa mwenziwe, kwa sababu ugomvi wao ulizaliwa mkutanoni, na kila mmoja aliamini utakufa mkutanoni. Ndivyo walivyolelewa.

Kuna jambo jingine ambalo Yatosha walilizoea mpaka wakaacha kuliona. Bibi Kiganja hakupiga kura kamwe. Alihudhuria kila mkutano, alifagia kanisa, alishona mapazia, na mumewe alikuwa shemasi. Lakini mikono ilipoombwa, yake ililala mapajani. Na kila alipopokea kipande cha mkate na kikombe kidogo cha juisi ya zabibu, alipokea kwa mkono wa kushoto. Hakumwambia mtu. Mumewe aliamini mpaka anakata roho kwamba mke wake alibatizwa vema, na yeye hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba mwenyewe hana uhakika. Akafiwa naye kabla hajamwambia. Watoto wawili walikwenda kuishi mbali, wakawa sauti za simu zinazouliza kama amekula. Naye alijibu kwamba amekula. Akishaweka simu chini, chumba kilikuwa kimya kiasi cha kusikia mshumaa wa nta ukibingirika kwenye droo.

Basi siku moja mchungaji wa Yatosha akaingia chumba cha zipu. Alikuwa kijana, mrefu, mwenye tabia ya kuinama hata mahali penye dari juu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Usikalie hilo begi, lina sindano."

Akakaa kwenye kigoda. "Bibi, nimekuja na habari kabla hujazisikia sokoni. Tunataka kuungana na wenzetu."

"Wenzetu gani?"

"Rudia." Akalitamka kwa uangalifu. "Paa letu linavuja. Wao paa lao halivuji kwa sababu upande wa kwaya halipo kabisa. Vijana wote wamehamia kwenye lile kanisa la spika kubwa. Tukibaki hivi, baada ya muda mfupi tutakuwa makanisa mawili ya watu wa kuzikana."

Bibi Kiganja akaendelea kupaka nta kwenye meno ya zipu ambayo tayari ilikuwa imepakwa. "Na lile jambo?"

"Jambo lipi, Bibi?"

Aliuangalia mkono wake wa kulia, na kijana akafuata macho yake, akaona haya.

"Limo," akasema haraka. "Kamati ya pamoja imeliweka. Ajenda ya nne."

"Na watu watapewa nafasi ya kusema?"

"Kila mshiriki ana nafasi, Bibi. Ndilo kanisa letu."

Alipoondoka, Bibi Kiganja alifunga mlango mchana kweupe, jambo ambalo mteja mmoja alilizungumzia wiki nzima. Akakaa kitandani. Alikuwa amelisubiri hilo tangu akiwa na kiuno. Dada yake alikuwa mtu mgumu, lakini hakuwahi kudanganya mbele ya mkutano. Kila mtu mjini alilijua hilo, hata Yatosha. Akiulizwa mbele ya watu, atasimama na kujibu. Na Bibi Kiganja alitaka neno moja tu kutoka kwake: nilikosea. Hakutaka maelezo, hakutaka machozi. Akilipata neno hilo, yeye naye atasimama na kusema yuko tayari kurudi majini ili Rudia waridhike, hata iwe siku ya baridi, hata wabebe magoti yake kwenye kiti. Halafu jioni moja wangekula pamoja. Alikwisha kufikiria mpaka kigoda gani atampa akalie.

Siku zile alifanya kazi vibaya. Alimshonea mwalimu zipu ya suruali kichwa chini, na mwalimu akarudi kulalamika kwamba sasa ili afunge lazima afungue. Alicheka mwenyewe mpaka machozi, kisha akaona hakuna wa kumsimulia, akanyamaza. Usiku alijizoeza mbele ya kioo: "Ndugu mwenyekiti, naomba nafasi." Sauti ilimtoka nyembamba. Akarudia mpaka ikanenepa.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa shule, kwa kuwa hapakuwa pa mtu. Hakuna aliyepanga, lakini Yatosha walikaa kushoto na Rudia kulia, na katikati ikabaki njia pana ya kupitisha gari. Mwenyekiti alikuwa kijana anayeuza simu, mchangamfu, mwenye saa kubwa. Bibi Kiganja alivaa gauni lake la kijivu na kukaa mahali ambapo angeweza kumwona dada yake. Alimwona. Alikuwa amekonda. Ameshika fimbo kati ya magoti, anatazama mbele.

Ajenda ya kwanza ilikuwa maombi, ikapita. Ya pili ilikuwa jina la kanisa jipya, na hapo watu wakaonyesha kwamba bado ni Wabaptisti: walibishana kama liitwe Umoja au Muungano mpaka mtoto mchanga mmoja akalala, akaamka, akalala tena. Ya tatu ilikuwa kinanda cha nani kitumike. Bibi Kiganja hakusikia hata moja. Alikuwa anahesabu maneno yake kinywani.

"Ajenda ya nne," mwenyekiti akasema, akageuza karatasi. "Suala la ubatizo wa zamani. Ndugu zangu, kamati imelitazama hili, na inapendekeza tuliondoe. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nani anatoa hoja ya kuliondoa?"

Mikono mitatu ikanyooka kwa pamoja, maana watu walikuwa wamenusa chai.

"Nani anaunga?"

Mbele ya Bibi Kiganja walikaa wasichana wawili. Mmoja akamgeukia mwenzake. "Ilikuwa nini hiyo?"

"Kuna bibi mmoja zamani hakuzama vizuri."

"Yuko wapi?"

"Nadhani alishakufa." Akafungua pipi.

Bibi Kiganja aliyasikia maneno hayo yakimwingia polepole, kama maji yanavyoingia kwenye kiatu. Hakukasirika. Aliona aibu, ile ya mtu aliyevaa vizuri kwenda kwenye sherehe akakuta ilikuwa jana.

"Wanaokubali tuliondoe?"

Ukumbi mzima ukawa mikono. Kushoto na kulia, wazee na vijana, hata kijana mchungaji aliyekaa na kichwa chini alinyoosha wake. Kitu kilichojenga ukuta makaburini kikaondoka kwa muda wa kupiga chafya.

"Wanaopinga?" mwenyekiti akauliza, tayari amekwisha kuinama kuandika.

Upande wa kulia mkono mmoja ukapanda. Mwembamba, wenye mishipa, umenyooka mpaka mwisho. Ulikuwa wa dada yake.

"Mmoja," mwenyekiti akasema, akishangaa kidogo. "Kuna mwingine?"

Akazungusha macho. Dada mtu naye akageuza shingo, taratibu, akaangalia upande wa kushoto, benchi kwa benchi, mpaka akampata mdogo wake. Wakaangaliana. Na Bibi Kiganja akafikiri: hata leo. Hata leo watu wote wamechoka, yeye bado anataka nirudishwe. Mikono yake ikabaki mapajani, wa kushoto juu ya wa kulia, umeushikilia.

"Hakuna. Ajenda ya nne imeondolewa. Twendeni chai."

Alitoka kwa mlango wa nyuma. Nyuma ya ukumbi palikuwa na bomba la maji, sakafu ya saruji iliyopasuka, na benchi la wanafunzi lililopungua mguu likategemezwa kwa tofali. Alikaa hapo. Hotuba yake yote ilikuwa bado kinywani, na sasa hapakuwa na mahali popote duniani pa kuitolea.

Akasikia fimbo kabla hajamwona mwenye fimbo.

"Nafasi ipo?" dada yake akauliza.

"Benchi ni la shule."

Dada akakaa. Benchi likalia. Kwa muda walitazama bomba, ambalo lilikuwa linadondosha matone, na wote wawili wakawa na hamu ya kuinuka kulikaza.

"Mbona hukuinua?" dada akasema.

"Kuinua nini?"

"Mkono. Umeniacha peke yangu mle ndani."

Bibi Kiganja akageuka. "Mimi ndiye niliyekuacha?"

"Leo ni wewe."

"Nilidhani unataka nirudishwe majini."

"Na magoti hayo? Nikutoe na nini, na winchi?"

Alikuwa amesahau kwamba dada yake huchekesha. Hakucheka, lakini kitu kifuani kilisogea. "Basi ulipinga nini, Dada?"

Neno lile lilitoka lenyewe. Wote wawili walilisikia, na dada akaanza kuisugua fimbo yake kwa kidole gumba.

"Nilikuwa na la kusema," akasema. "Nimekaa nalo. Nikasema, siku jambo likirudi mkutanoni nitasimama nilitoe. Sasa hawa watoto wamelifuta kabla sijafungua mdomo."

"Liseme hapa."

Dada akatazama huku na huku, kama anayemtafuta mwenyekiti. "Niseme tu hivi hivi?"

"Hivi hivi."

Ilimchukua muda. Bi mkubwa huyu aliyekuwa akiwafokea wabeba magunia mpaka wanafyata mkia alikuwa anatafuta pa kuanzia.

"La kwanza, ningeinua tena," akasema. "Nakwambia ukweli, mdogo wangu. Mkono ulibaki nje, niliuona kwa macho yangu. Wakiniuliza leo, ningeinua tena vile vile."

Bibi Kiganja akafumba macho. Kumbe ndilo lilikuwa hilo. Alilitayarishia kigoda, akaliwekea nafasi mezani, na lilipokuja likaja limegeuzwa mgongo. Angeinuka aende zake kama si magoti.

"Umemaliza?"

"Bado. Nimesema la kwanza." Dada akakohoa. "Azimio lilisema urudie Jumapili. Jumapili ile nilikuja kijitoni. Nilikubebea shuka kavu, na ile nguo yangu ya bluu uliyokuwa unaiazima bila kuomba. Nikasema akitoka majini avae hii, na iwe yake kabisa. Mchungaji na shemasi walingoja kidogo, wakaenda kuanza ibada. Mimi nikabaki. Nikasema amechelewa tu, atakuwa anajificha mahali amenuna, namjua. Nilikaa pale mpaka watu wa kiwanda wa zamu ya usiku wakaja jioni kufungulia maji yao machafu, kijito kikabadilika rangi. Ndipo nikakunja ile nguo nikarudi."

Tone likadondoka, na jingine.

"Nilipiga kura ile ili uzame sawasawa uwe wetu," dada akasema. "Sikupiga kura uondoke. Hilo hakuna aliyeliweka kwenye hoja. Ningelipinga."

"Hukuniambia."

"Ningekwambiaje? Kura ilishapita. Ningekuja nyumbani ungesema nimetumwa kutekeleza azimio."

Bibi Kiganja akafikiri. Alikuwa mtu mzima sasa, na hapakuwa na wa kumdanganya hapo zaidi ya bomba. "Ningesema hivyo hivyo," akakubali.

"Unaona."

"Na ningekufungia mlango."

"Najua."

"Lakini kesho yake ningekuja, Dada. Nisingeweza kulala."

Dada akauelekeza uso wake ukutani, mabega yakatikisika mara moja, kisha yakatulia.

Ndipo Bibi Kiganja akalia. Hakulia kwa ajili ya kura, wala kwa wasichana waliomwua kabla ya siku yake. Alikuwa ameishi maisha yake yote kama mtu aliyeachwa. Juu ya hilo alijenga ndoa, akalea watoto, akazeeka. Kumbe siku ile ile aliyoianzia kuhesabu alikuwa na mtu ukingoni aliyemngojea na nguo kavu mikononi. Na sasa alijua, na kujua hakukumrudishia hata jioni moja. Mama alikwisha kuzikwa na kamati mbili. Mume alikwisha kufa akimtetea dhidi ya mtu ambaye hakuwa adui. Uchungu wa kuachwa aliuzoea. Huu wa kungojewa bila kujua ulikuwa mpya, na hakujua aushike wapi.

Kutoka ukumbini watu wa Yatosha na watu wa Rudia walianza kuimba pamoja. Sauti za chini za Rudia zilikuwa nzito, za Yatosha zilikuwa nyepesi, na baada ya ubeti mmoja zikakubaliana vizuri, kana kwamba hazikuwahi kuachana. Hakuna aliyekuja kuwatafuta wale wazee wawili. Chai nayo ilikuwa inakwisha.

"Umekula?" dada akauliza.

"Sijala."

"Nami sijala."

Wakaendelea kukaa. Jua lilikuwa limefika kwenye miguu yao. Kila mmoja alimngoja mwenzake aanze kuinuka, na hakuna aliyeinuka, kwa kuwa hakuna aliyejua waende kwa nani.